Ukuta Usiokauka

Nilizaliwa maji yalipogusa magoti ya mtu wa jiwe. Kabla ya hapo sikuwapo, au nilikuwapo kwa namna ya kitu ambacho hakijaitwa, na sitaki kubishana na mtu juu ya hilo kwa sababu nimeshabishana na nafsi yangu vya kutosha. Mtu wa jiwe amesimama katikati ya mto tangu mji haujawa mji. Hana uso. Aliyemchonga alichoka alipofika shingoni, au aliona kwamba mto hauna haja ya kutazamwa. Maji yakipanda mwilini mwake, kila mahali yanapogusa huzaliwa mjumbe, na mjumbe huyo huitwa kwa jina la mahali hapo. Aliyenitangulia anaitwa Kifundo, wa kifundo cha mguu. Mimi ni Magoti. Nilipotoka majini nilikuwa nimelowa mpaka magotini, najua jambo moja tu duniani, kwamba mto umefika magotini, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia bila kuniuliza.

Watu wenye miili mizito husema kuzaliwa ni kuanza. Kwetu wajumbe kuzaliwa ni kuchelewa. Nilipokanyaga ukingo, mto ulikuwa unapanda nyuma yangu, na kweli niliyoibeba ilikuwa imeanza kupoa mikononi. Nikakimbia nayo hivyo hivyo. Je, anayebeba kweli ya jana kwa miguu ya leo ni mkweli au mwongo? Nilijiuliza hilo njia nzima, na swali halikunipunguzia mwendo, maana sisi tuliumbwa miguu kwanza, na akili tukaongezewa baadaye kwa hisani.

Mji hauna jina, au una jina ambalo hubadilika kabla mtu hajamaliza kulitamka. Nyumba zake zote zimeipa barabara mgongo na kuuelekea Ukuta. Ukuta ni mrefu, umepakwa chokaa, na juu yake huchorwa kwa mkaa hali ya kila kitu: mto ulipo, upepo unakoelekea, bei ya chumvi, afya ya Mtawala. Katika mji ule kitu hakijawa mpaka kimechorwa. Mwanamke hatasema mwanawe kapona homa mpaka autazame Ukuta. Mwanamume aliyeachwa na mkewe anaendelea kununua mboga za watu wawili mpaka Ukuta umwambie aache. Nimewaona watu wamesimama mvuani wakisubiri kujua kama mvua inanyesha. Usiwacheke. Kila mji una ukuta wake, na huenda wa kwenu umekaa mahali ambapo hujawahi kugeuza shingo.

Anayeuchora Ukuta ni mwanamke mmoja, Bi Mwanamvua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu mambo yote yaliyotokea yametoka hapa: ni mmoja. Ana mikono miwili, mdomo mmoja na masikio mawili ambayo hayawezi kusikiliza mambo mawili. Yeye huyo anayechora ndiye huyo huyo anayewaitikia wanaobisha hodi katika dirisha la pembeni, dirisha la wahitaji. Mtu akipiga hodi, naye akamjibu karibu, mhitaji hutaja haja yake, na Bi Mwanamvua huvuta kamba mojawapo kati ya zinazoning'inia kushoto kwake: kamba ya ghala, kamba ya kisima, kamba ya daraja. Nani alipanga kazi mbili hizo zikae kwa mtu mmoja, sijui. Labda zamani zote mbili zilikuwa ndogo, na siku nzima ilikuwa na nafasi ya kunywa kahawa katikati.

Nami nikafika kwenye nyumba ya Ukuta, nikakuta mstari.

Lazima nieleze adabu ya mahali pale, maana bila adabu hiyo pasingekuwa na maafa. Habari haisubirishwi. Ndivyo walivyolelewa wote. Habari ni mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo mjumbe akifika mlangoni, Bi Mwanamvua huacha alilokuwa akilifanya, akamsalimu salamu kamili: hujambo, habari za utokako, za njiani, wazima huko, mmelalaje. Mjumbe hujibu nzuri, nzuri, wazima, tumeamka salama, hata kama anatoka kwenye nyumba inayoungua. Ndipo husema "ila," na baada ya ila ndiyo habari yenyewe. Kisha Bi Mwanamvua huchukua tambara, akaufuta Ukuta wote tangu mwanzo hadi mwisho, akaupaka chokaa, akachora upya kila kitu, hata vile ambavyo havijabadilika. Kwao Ukuta haushonwi viraka. Kuchora mto mpya kando ya upepo wa zamani ni kuwalaza kitanda kimoja watu wasiojuana.

Mjumbe aliyechorwa huingia ukutani. Anakuwa chokaa na mkaa, anatazamwa, na hilo ndilo tuliloliita kuwa. Halafu huja mwingine, na tambara, naye huondoka. Kuwa kwetu kulikuwa kufupi, lakini tulikutamani kwa hamu ambayo siwezi kuisema bila kuona haya. Na asiyechorwa? Hajawahi kuwapo mjumbe asiyechorwa, kwa sababu habari haisubirishwi, na kila mmoja wetu aliamini kwamba asiyechorwa huzimika, kama taa isiyo na mtu wa kuhuzunika kwa kuzimika kwake.

Zamani wajumbe walikuwa wachache. Kisha Mtawala, ambaye hakuna aliyemwona ila dirisha lake, akaamuru Ukuta uwe kweli kila kupepesa jicho. Alitaka kujua kila kitu wakati ule ule kinapokuwa. Na kwa kuwa alipenda na yeye ajulikane, akaagiza mabadiliko ya mwili wake yapelekwe Ukutani pia. Siku ile Mtawala alikuwa na mafua. Mbele yangu na nyuma yangu katika mstari walijaa wajumbe wa chafya zake, kila mmoja na leso yake, kila mmoja akiitwa Chafya, kila mmoja akijiona wa pekee.

Nilichungulia juu ya mabega yao nikauona Ukuta. Sikuona kitu. Palikuwa na weupe unaotiririka, na weusi ulioanza kuwa mstari ukafutwa kabla haujajua ni mstari wa nini. Watu wa mji walikuwa wamekaa uwanjani wakiutazama kwa subira kubwa, na wakiulizwa husema, "Unakauka. Hivi sasa utakauka." Ukuta uliochorwa kila kupepesa jicho ulikuwa kweli kupita kuta zote za dunia, na hakuna aliyeweza kuusoma.

Hodi.

Sauti ilitoka pembeni, ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyefundishwa kutopaza sauti kwenye nyumba ya watu.

Hodi.

Bi Mwanamvua alikuwa anamuuliza Chafya kama wazima huko.

Hodi.

Wazima, Chafya alisema, tumeamka salama, ila Mtawala amepiga chafya. Tambara likapanda Ukutani, na dirishani pakawa kimya. Hodi ni tatu. Ukibisha tatu usijibiwe, unageuka, unarudi ulikotoka, bila kinyongo. Hiyo nayo ni adabu, na ni nzuri, imeziokoa ndoa nyingi. Nikamwona mwanamke yule anatoka dirishani, anaizunguka nyumba polepole ili safari yake ihesabike kuwa imekwisha na nyingine ianze, kisha anarudi dirishani pale pale.

Nikafanya jambo ambalo wajumbe hawalifanyi. Nikatoka kwenye mstari. Chafya wa nyuma yangu akaingia nafasi yangu kabla kisigino changu hakijainuka, na nikausikia moyo wangu ukiuliza unakwenda wapi, bwana, ulizaliwa kwa ajili ya mlango ule.

"Dada," nikamwambia, "unabisha nini?"

"Daraja," akasema. Alikuwa anaitwa Nyamizi. Kanga yake ilikuwa imelowa pindoni. "Mama yangu, Bi Kalunde, yuko ng'ambo. Alikwenda kumwangalia dada yake, na mto ukaanza. Kule ni tambarare, kaka, hakuna hata kichuguu cha kupanda. Naomba ashushiwe daraja avuke. Ni hilo tu. Ni kuvuta kamba."

"Umebisha mara ngapi?"

"Sijui. Nimezunguka mpaka nyumba imenizoea."

"Kwa nini usipaze sauti? Piga kelele. Ingia."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwenye nyumba ya watu? Mama mwenyewe angenikana."

Nikataka kumwambia habari yangu, kwamba mto umefika magotini. Lakini nikatazama nyuma, kwenye mkia wa mstari, nikamwona anayenifuata amekwisha kufika: Mapaja, amelowa kuliko mimi, anahema. Alikuwa na uso wangu. Sisi wa mto tuna uso mmoja; tunachotofautiana ni mpaka tulipolowa. Ni jambo geni kujiona unakuja kwa nyuma ukiwa na ujuzi zaidi. Nilimwonea wivu, na papo hapo nikamwonea huruma, maana nyuma yake, mbali, nilisikia miguu mingine.

Hapo ndipo swali lilipotua juu yangu, na likawa zito, na bado ni zito ninapolisema. Tulikuwa tunapeleka habari za mto kwa mwanamke ambaye angeweza kumwokoa mtu na mto, na kwa sababu tulikuwa tunazipeleka, hakuweza kumsikia anayeomba kuokolewa. Bibi wa ng'ambo angezama katikati ya habari nyingi na sahihi za kuzama kwake. Na kila mmoja wetu angesema: mimi nilifika, mimi nilisema kweli.

Nikaenda mlangoni. Kifundo alikuwa ndiyo kwanza ameingia, nikamwona kwa mara ya mwisho, uso wangu, mkaa wa kwanza ukimgusa. Mbele ya mlango ule kuna baraza la mawe. Kila nyumba ya mji ina baraza, wageni hukaa wakapumzika, lakini lile halikuwahi kukaliwa kwa sababu habari haisubirishwi. Mawe yake yalikuwa mapya na yalikuwa ya zamani. Nikakaa. Nikanyoosha miguu yangu yenye maji ikaziba mlango.

"Wewe," alisema Chafya aliyekuwa mbele, "umekufa?"

"Nimekaa."

"Mtawala amepiga chafya!"

"Amalizane na pua yake. Bi Mwanamvua anachora. Mwacheni amalize kuchora."

Hawakujua la kufanya na mtu aliyekaa. Kwa mara ya kwanza tambara lilipomaliza, mkaa ulipomaliza, hakukuwa na mtu wa kusalimiwa. Bi Mwanamvua akageuka. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake. Alikuwa na chokaa kwenye nyusi, na macho ya mtu aliyeamshwa akiwa wima.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, bibi. Pumua."

Akapumua. Nilimwona akishangazwa na pumzi ile. "Nasikia kama kuna mtu alikuwa ananiita," akasema. "Siku nyingi nasikia. Halafu naulizwa habari za nyumbani, napoteza."

Ningetaka kusema mambo yakawa mema kuanzia pale, lakini sikuwa na akili ya kutosha, na wala mwenzangu yeyote hakuwa nayo. Tulichofanya ni kile ambacho kila mtu muungwana angefanya. Tukapanga zamu. Aliyetangulia kufika atangulie kuingia, kila mmoja asubiri Bi Mwanamvua apumue. Ilionekana haki. Kumbe haki ile ilikuwa ya wajumbe, haikuwa ya mto. Mbele yangu walisimama Chafya tele, wote wametangulia, wote wana haki yao. Akaingia mmoja, akaingia mwingine, na Bi Mwanamvua akichora upya mto ule ule wa Kifundo, kwa sababu ndio mto wa mwisho aliopewa. Mstari ukarefuka ukaizunguka nyumba. Nyamizi hakuwa tena na njia ya kupita kuzunguka. Kiuno akawasili, amelowa mpaka kiunoni, akajipanga nyuma kabisa kwa heshima.

Na Ukuta, ukipata nafasi kati ya pumzi na pumzi, ukaanza kukauka kidogo. Watu uwanjani wakainuka. Nyamizi akausoma.

"Kifundoni," akasema, na mabega yake yakashuka. "Mto uko kifundoni tu. Basi bado kuna muda. Mimi nilidhani..." Akaanza kucheka, kicheko chepesi cha kujitania. Akatafuta mahali pa kukaa. "Ngoja nipumzishe miguu."

Hofu iliyonishika pale sikuzaliwa nayo. Ukuta unaotiririka haumdanganyi mtu, maana hausemi kitu. Ukuta uliokauka juu ya habari ya zamani husema kwa sauti tulivu, na watu huketi.

"Dada, usikae. Mto umefika kiunoni. Mwone yule kule nyuma."

Akamtazama Kiuno, akautazama Ukuta. "Nimwamini nani, kaka? Wewe mmoja au Ukuta?"

Sikumlaumu. Nikautafuta mwisho wa uzi. Nilijiona mimi pale barazani, nikiwa na magoti yangu, nikamwona Mapaja, nikamwona Kiuno. Uso mmoja mara tatu. Nikajiuliza: mji una haja gani na mimi? Bi Mwanamvua akinichora, atanifuta amchore Mapaja, atamfuta amchore Kiuno, na mwisho wa yote Ukuta utasema kiuno. Akimchora Kiuno moja kwa moja, Ukuta utasema kiuno. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni mimi. Ni Mapaja na mimi, kuwa kwetu kote, na wakati wa bibi mmoja aliyesimama tambarare.

Kutangulia si kufika. Wazee waliosema hivyo sidhani walikuwa na nia ya kunichoma, lakini walinichoma.

Nikasimama juu ya baraza. "Sikilizeni. Hakuna mstari. Kila nyumba ya wajumbe ina nafasi moja hapa barazani: mto nafasi yake, upepo nafasi yake, Mtawala nafasi yake. Anayekuja amkute mwenzake wa nyumba moja amekaa, mwenzake anainuka, yeye anakaa. Bi Mwanamvua akipumua, anaingia aliyekaa."

"Na aliyeinuka?" Chafya akauliza. "Aliyeinuka anakwenda wapi?"

"Sijui."

"Atazimika."

"Sijui, nimekwambia."

"Mimi nimesimama tangu mapema," akasema, akiikumbatia leso yake. Nikaona kwamba hata chafya huipenda nafsi yake. "Nilipigwa kabla ya hawa wote. Niinuke kwa sababu ya chafya ya kizembe ya sasa hivi? Mtawala akiuliza ile chafya yangu nzuri iko wapi, utamjibu nini?"

"Nitamjibu kwamba ana mafua. Ukuta utasema ana mafua. Wewe na wenzako wote mnasema neno hilo moja."

Hakunisamehe, na sikutarajia. Lakini maneno yangu yasingekuwa na uzito wowote kama nisingeanza mimi. Nilikuwa nimerudi kukaa, nafasi ya mto. Mapaja alikuwa amesimama mbele yangu, maji yakimchuruzika, ananitazama kwa macho yangu mwenyewe, na hakuniambia inuka. Nisingeweza kumwambia mtu inuka, kwa hiyo yeye naye hakuweza.

Nakaa.

Bado nakaa. Jiwe limeanza kupata joto langu.

Nikiinuka sikuwahi kuwa. Nikikaa nitakuwa, kidogo, juu ya chokaa, mbele ya watu, na watasema mto uko magotini, na haitakuwa kweli.

Ni kitu gani hiki kinachotaka kuwa hata kwa uongo?

Nikainuka. Mapaja akakaa, na kabla hajakaa vizuri alimwona Kiuno, naye akainuka, tena kwa wepesi ambao ulinitia aibu. Kiuno akakaa. Chafya mmoja akawa wa Mtawala. Wajumbe wa upepo nao wakabaki na Upepo mmoja. Wengine tuliobaki tulisimama uwanjani tumefumba macho, tunangoja kuzimika.

Hatukuzimika.

Nilifumbua jicho moja. Nilikuwa pale. Mapaja alikuwa kando yangu anajipapasa kifua. Hakuna aliyekuwa ametuchora na hakuna aliyekuwa ametufuta, na jua lilikuwa linakausha suruali zetu kama za mtu yeyote. Niliogopa, kisha nikafurahi, furaha isiyo na kazi, ya mtu aliyeamka siku ambayo hakupangiwa. Nilikuwa habari ya kitu ambacho hakipo tena. Nikatazama mikono yangu, nikaona ni mikono.

Mlangoni Bi Mwanamvua alimsalimu Kiuno, akamsalimu Upepo, akamsalimu Chafya, akafuta mara moja, akachora mara moja. Kisha akaweka mkaa chini. Pakawa na nafasi. Wajumbe waliendelea kuja mbio, lakini walikuja barazani, wakabadilishana huko nje kwa kunong'ona, na ndani ya nyumba hapakuwa na sauti ila ya mwanamke mzima akimimina kahawa.

Nyamizi alikuwa ameusoma Ukuta. Kiunoni. Alikuwa amekwisha kufika dirishani.

"Hodi," akasema.

Bi Mwanamvua akainua kichwa. Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni, akakirudisha.

"Karibu," akasema.

Neno hilo halikuwa limesikika katika mji ule kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka. Watu uwanjani waligeuka. Mzee mmoja alijibu "ahsante" bila kuulizwa. Nyamizi aliishika fremu ya dirisha, akataja haja yake haraka haraka, mama, ng'ambo, daraja, na Bi Mwanamvua akasema tu, "Kumbe ulikuwa wewe," akavuta kamba. Daraja likashuka likilalamika mpaka likagusa ng'ambo, na mbali kule, mtu mdogo mwenye kanga akaanza kuvuka.

Watu wakapumua wote pamoja. Mimi sikupumua, kwa sababu nilikuwa nimeliangalia baraza.

Kifua alikuwa amefika. Alikuwa amekaa nafasi ya mto, amelowa mpaka kifuani, mikono magotini, ametulia kama mgeni aliyefundishwa. Na nyuma yake hakukuwa na mtu. Mto ulikuwa umefika kilele chake ukasimama. Hapakuwa na mjumbe mwingine wa kuzaliwa. Nilikuwa nimeweka sheria kwamba anayekuja humwinua aliyekaa, na sikuwa nimefikiria yule ambaye hakuna atakayekuja kumwinua, wala nani angemwita ndani. Bi Mwanamvua alikuwa anatazama daraja na kahawa yake. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa, mzuri, na ulisema kiuno. Maji yakiwa kifuani pa mtu wa jiwe, mbao za daraja huwa chini ya maji. Nilijua hivyo kwa sababu sisi wa mto tunaujua mwili ule.

Kifua asingebisha. Aliambiwa akae, akakaa.

Nikataka kupiga kelele, nikashindwa. Kumbe na mimi nililelewa. Lakini Bi Mwanamvua alimaliza kahawa, akafuta midomo, na kwa tabia tu, kwa tabia njema ya mwenye nyumba ambaye hawezi kukaa ndani bila kuchungulia barazani kwake, akatoa kichwa nje.

"Kuna mtu amebaki hapa?"

"Nipo, bibi," akasema Kifua.

"Mbona uko kimya? Ingia. Hata kama ni peke yako, ingia."

Akamsalimu. Akamuuliza habari za mto. Nzuri, akasema Kifua, ila umefika kifuani. Mkono wa Bi Mwanamvua ukaenda mbio, na chokaa ikakauka, na sote tuliokuwa uwanjani tukasoma kwa pamoja, na wote kwa pamoja tukageuza macho darajani. Kanga ile ndogo ilikuwa imesimama katikati. Haikuwa inasonga.

Nyamizi akatoa sauti. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. Miguu ile ile iliyotangulia akili yangu ilikuwa inakimbia, ila safari hii haikuwa na habari ya kupeleka, na nilishangaa jinsi mtu anavyokuwa mwepesi akiwa hana la kusema. Nikaingia darajani. Mbao sikuziona, nilizitafuta kwa nyayo. Maji yalinishika magotini, baridi ile ile ya kuzaliwa kwangu, kisha yakapanda, na kila yalipopanda nilijua jina la mahali yalipo na sikuwa mimi.

Bibi alikuwa mfupi, ameishika kamba ya pembeni kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa amemkumbatia kuku kifuani, kuku mwekundu aliyenuna. Aliniona nakuja akanikagua juu na chini, kama mtu aliyekuwa na nafasi ya kuchagua.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Lilikuwa ndilo swali, na nilikuwa nimelikimbilia maisha yangu yote. Nikatafuta jibu lililo kweli.

"Mimi ni Magoti," nikasema. "Mimi ni mto ulipokuwa magotini."

Bi Kalunde akatazama chini. Maji yalikuwa yamemvuka magoti yanamtafuta kiuno.

"Basi umechelewa, mwanangu," akasema. "Shika kuku."

Nikamshika kuku. Kwa mkono mwingine nikamshika yeye, tukageuka taratibu kuelekea mjini, na kutoka ukingoni nikamsikia Nyamizi akilia kwa sauti kubwa, bila adabu yoyote.